Panya wa binti yangu kaanguka degedege. Kweli wanasayansi wanawafuga kwa hilo hilo?

MamaKaranga (Leeds) ameandika:

Habarini za jioni wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Naomba msicheke mpaka nimalize.

Binti yangu ana miaka tisa. Siku yake ya kuzaliwa shangazi yake kamletea jebili wawili. Kwa ambao hamjawaona: ni panya, sina namna nyingine ya kusema. Ila mkia wake una manyoya na kishungi nchani, macho meusi kama punje za pilipili manga, na husimama kwa miguu ya nyuma akakukazia macho kama karani anayengoja utoe kitambulisho. Mtoto kawaita Karanga na Ufuta.

Jumamosi iliyopita napitisha mashine ya kufyonza vumbi sebuleni, binti kamshika Karanga mkononi. Ghafla naona masikio ya yule mnyama yanachezacheza, halafu kalala ubavu, miguu inapiga, mate yanamtoka. Kama dakika moja hivi. Mtoto analia, mimi nimesimama na bomba la mashine mkononi kama zimamoto aliyekosa maji. Mara Karanga kainuka, kajifuta uso, kaenda kutafuna mbegu ya alizeti, wala hana habari.

Daktari wa wanyama hakushtuka hata kidogo. Alisema hawa ndivyo walivyo, wengi wana kifafa, tupunguze makelele. Basi binti akaingia kusoma mwenyewe, akarudi na swali ambalo hadi leo sijalijibu: "Mama, wanasayansi wanawapenda kwa sababu ya hiyo degedege. Na wengine wanawafunga mishipa ya shingo. Kwa nini wao?"

La pili. Mama yangu yuko Mlalo, Lushoto. Nilimpigia simu ya video, nikasahau kuwa tundu liko nyuma yangu. Alinyamaza, akasogeza uso kwenye simu. "Hao panya umewaingiza ndani kwa hiari yako?" Mama aliishi na tauni tangu ilipoingia kule mwaka 1980, amezika majirani. Sasa kila simu inaanza na "umeshawatoa?" kabla hata ya salamu.

Kuna mtu humu anayewajua hawa wanyama kwa kazi, si kwa kusoma tu? Nimjibu nini mtoto, na nimjibu nini bibi yake?

---

Kinyozi_wa_Buza:

Dada, huku tunanunua sumu ya panya, nyie mnanunua chakula cha panya. Duniani kuna mambo. Nipo, nasubiri wataalamu. Halafu mtuambie pia hawa wametoka wapi, maana Buza nimewaona panya wa kila namna, ila wa kuomba kitambulisho bado.

---

MtuWaBweni:

MamaKaranga, pole na mshtuko, na bibi yetu wa Mlalo mfikishie shikamoo yangu.

Mimi ni mtu wa Bweni, ng'ambo ya kivuko cha Pangani. Mwaka wa kumi na nne huu niko hapa Uingereza natunza wanyama wa maabara. Mimi si mwanasayansi. Mimi ndiye ninayebadilisha maranda, ninayekagua chupa za maji, ninayehesabu vichwa asubuhi na kuvihesabu tena jioni. Ila wanasayansi wakiwa wanangoja mashine imalize kazi yake hupiga soga, na mimi sikio ninalo.

Tuanze na Karanga. Daktari hakukudanganya. Katika koo nyingine za jebili mmoja kati ya watano huanguka, na katika nyingine hukaribia nusu. Huanza wakifikisha miezi miwili au mitatu. Kelele ya ghafla, mkono mgeni, tundu jipya, basi. Hawafi kwa hilo na dawa hawahitaji. Mwacheni alale mpaka aamke mwenyewe, na huyo Ufuta muanze kumshikashika sasa hivi kila siku kidogo kidogo, maana waliozoea mikono ya watu tangu wadogo huanguka mara chache. Huko Los Angeles miaka ya 1970 kuna watafiti waliozalisha koo mbili makusudi, moja ya wanaoanguka na moja ya wasioanguka, ili waangalie ubongo wa huyu una nini ambacho wa yule hauna. Kwa hiyo mtoto kasoma sawasawa.

Kabla sijaendelea: MWAMBIE BINTI ASIMSHIKE MKIA. Narudia, asimshike mkia. Tuliwahi kupata kijana mgeni, wiki yake ya kwanza. Jebili akaruka kutoka mezani, kijana akamwahi kwa ncha ya mkia. Mnyama kaenda zake, ngozi ya mkia imebaki vidoleni mwa kijana, nzima, kama ala ya kisu. Porini hiyo ndiyo ponea yake, bundi anabaki na ngozi mwenyewe anaingia shimoni. Lakini ile ngozi hairudi tena. Kipande kilichobaki wazi hukauka kikadondoka. Yule kijana alikaa chini sakafuni na glavu zake akashindwa kusema. Jebili hubebwa kwa viganja viwili, kama unateka maji.

Sasa "kwa nini wao". Watu hudhani wanyama wa maabara huchaguliwa kwa kuwa ni wengi au ni wapole. Panya weupe, sawa. Jebili hapana. Jebili wanaitwa kwa ajili ya kasoro zao. Kila mtafiti niliyemhudumia alimtaka kwa sababu ya kitu ambacho mwili wake umekikosea.

Chukua hiyo mishipa ya shingo. Wewe na mimi damu ya ubongo inapanda kwa mishipa minne, miwili mbele ya shingo na miwili nyuma, na chini ya ubongo yote inaungana kwenye kitu kama kipilefti. Barabara moja ikifungwa, magari yanazungukia nyingine. Kipilefti cha jebili hakijamaliziwa. Vile vipande vinavyounganisha mbele na nyuma hana. Ukimbana mishipa miwili ya mbele, sehemu ya mbele ya ubongo inakosa damu kabisa, na huhitaji kumpasua kichwa. Ndiyo maana watu wa kiharusi walimkimbilia.

Mwaka 1982 Mjapani mmoja, Takaaki Kirino, aliibana kwa dakika tano tu, akaiachia. Mnyama akaamka, akatembea, akala. Kesho yake ukiangalia kwa hadubini ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, seli karibu zote bado zimesimama. Siku ya nne zimekufa. Yaani pigo limepigwa leo na kifo kimekuja keshokutwa. Unaweza kufikiri watu walivyochangamka: kama kuna siku mbili tatu katikati, basi kuna nafasi ya kuweka dawa! Dawa zikamiminika. Jebili wakapona kwa hii, wakapona kwa ile. Binadamu akipewa, kimya.

Moja ya sababu ndiyo ninayoipenda kuisimulia, kwa kuwa inahusu kazi yangu. Kulikuwa na dawa iliyoitwa MK-801, ilisifiwa sana. Mwaka 1990 watafiti wawili, Buchan na Pulsinelli, wakaonyesha kuwa jebili akipewa hiyo dawa mwili wake unapoa, na ubaridi ndio uliokuwa unaokoa ubongo. Wakiwaweka wanyama kwenye joto lao la kawaida, dawa haina msaada. Watu walikuwa wanapima ubaridi wanadhani wanapima dawa! Leo meza ya upasuaji wa jebili haikosi kimkeka cha moto na kipimajoto, na mimi ndiye ninayeulizwa kama betri imebadilishwa.

Kuna wa masikio pia. Panya mdogo wa kawaida wa maabara karibu hasikii sauti nzito, ukiongea naye anapata vile vilivyo juu tu. Jebili anasikia mpaka chini tunakosikia sisi, kwa hiyo anayetafiti uzee wa masikio au namna tunavyojua sauti imetoka upande gani, humtaka yeye. Ile mifupa nyuma ya masikio yake imefura kama vibuyu viwili, ukubwa hauendani na kichwa. Na kuna wa tumbo: mwaka 1998 Wajapani waliwaambukiza jebili bakteria wa vidonda vya tumbo, baada ya mwaka na kidogo baadhi wakapata saratani ya tumbo. WHO walikuwa wameshasema tangu 1994 kuwa huyo bakteria anasababisha saratani, lakini mnyama wa kuionyesha wazi alikuwa hajapatikana.

Sasa la kwetu Pwani.

Mtu wa Pangani huhitaji kumweleza matende na mabusha. Nina mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa ngalawa. Alivaa kanzu pana mpaka kazini, anachonga mtumbwi na kanzu, jua kali. Sisi watoto tulijua ni ucha Mungu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa alikuwa anaficha nini.

Minyoo ya matende ya kwetu inaenezwa na mbu na inaitwa Wuchereria bancrofti. Hiyo haikui kwa jebili. Lakini ina binamu yake wa Asia, Brugia, na huyo jebili anampokea vizuri. Imejulikana hivyo tangu mwaka 1970. Panya wengine wengi miili yao inawafukuza. Kasoro tena hiyo: mwenyeji asiyejua kufunga mlango. Inafanyika hivi. Kuna mbu wanaofugwa, ukoo maarufu unaitwa wa Liverpool wenye macho meusi, wananyweshwa damu yenye vimelea. Kama wiki mbili hivi mabuu yamekomaa ndani ya mbu. Yanatolewa, yanahesabiwa chini ya hadubini, yanadungwa tumboni mwa jebili dume, kwa kuwa madume hushika zaidi kuliko majike. Miezi mitatu baadaye humo ndani kuna minyoo mizima inayozaa.

Niliwahi kuitwa nikaone. Sahani ya kioo, maji ya uvuguvugu, na ndani yake nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa cherehani, zinajikunja na kujikunjua polepole. Yule dada aliyenionyesha alikuwa anaendelea kueleza, mimi simsikii. Nilikuwa kwa mjomba.

Ndani ya kila mnyoo wa namna hii wanakaa bakteria, wanaitwa Wolbachia. Mnyoo hawezi kuzaa bila wao. Mwaka 1999 ilichapishwa kazi ya jebili wenye minyoo waliopewa dawa ya jamii ya tetrasaiklini, hizi hizi za kopo zinazouzwa duka la dawa, na mnyoo ukashindwa kuendelea kwa kuwa bakteria wake wameuawa. Kuua mnyoo kwa kumuua mpangaji wake, nani angefikiria.

Halafu siku moja nipo chumba cha chai, ukutani kuna karatasi ya utafiti imebandikwa, nimesimama nangoja maji yachemke, nasoma tu. Naona jina: Kimang'a. Nikarudi nyuma. Kimang'a, Pangani, Tanzania. Shangazi yangu kaolewa Kimang'a!

Kumbe baada ya wanyama waliingia kwa watu, na watu wenyewe ni sisi. Watafiti wa Liverpool, Ujerumani na wa NIMR wetu wa Tanga, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, waliwachukua watu 72 wa Kimang'a wenye vimelea. Wengine walipewa doksisaiklini kila siku kwa wiki nane, wengine vidonge visivyo na kitu, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Matokeo yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2005. Minyoo mizima ukiiangalia kwa altrasaundi pale kwenye korodani huonekana inacheza, wenyewe madaktari wanaita ngoma. Baada ya miezi 14, kati ya wanaume 27 waliomeza dawa, ngoma ilionekana kwa 6. Kati ya 27 waliopewa vidonge vitupu, ilionekana kwa 24.

Nilimwita mkuu wangu nikamwonyesha kwa kidole. Hapa ndipo kwetu. Akaniangalia kama nimemwambia nimezaliwa Makka.

Wiki nane za vidonge kila siku si mchezo, na wajawazito na watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa hiyo haikugeuka dawa ya kugawa kijiji kizima kama zile za kingatende. Kinachotafutwa sasa ni dawa ya kumaliza kazi ile ile kwa siku chache. Na hiyo nayo inajaribiwa kwa jebili kwanza.

---

Msambaa_wa_Soni:

Nimesoma yote, hadi chai imepoa. Mimi nichangie la bibi wa Mlalo, maana hofu yake siyo ya kuchekwa.

Nilipomaliza kidato cha nne niliwahi kuwa kibarua wa watu wa utafiti wa panya waliokuja kwetu. Kazi yenyewe: jioni unatega visanduku vya bati shambani na majumbani, ndani chambo cha karanga zilizosagwa na unga wa mahindi. Alfajiri unakusanya, baridi ya Usambara mnaijua. Panya analazwa kwa dawa, anashikwa juu ya beseni jeupe na anachanwa kwa mswaki. Viroboto vinadondoka kwenye beseni, unaviokota kimoja kimoja kwa koleo ndogo, unavitia kwenye kichupa. Panya mmoja anaweza kutoa viwili, mwingine hana. Kazi ya kuhesabu viroboto huwezi kumwambia binti unayemchumbia.

Nilichojifunza pale ni kwamba tauni inahitaji watu watatu: bakteria, kiroboto na panya wa porini au wa darini. Jebili wa dukani vizazi na vizazi amezaliwa ndani ya sanduku, kiroboto wa Lushoto kamtoa wapi? Kwa hiyo mwambie mama, kwa heshima, kwamba Karanga hajawahi kulala darini.

Ila bibi hajakosea kabisa kuhusu ukoo wao. Kazakhstan kuna jebili mkubwa wa porini, wanaishi kwa jamaa chini ya ardhi, na miji yao ya mashimo inaonekana mpaka kwenye picha za setilaiti. Huyo anabeba tauni na mara nyingi haimuui. Tangu enzi za Wasovieti kulikuwa na vituo maalumu vya kupambana na tauni, watu wanazunguka jangwani wanahesabu mashimo yapi yana wenyeji na yapi matupu, mwaka hadi mwaka. Takwimu hizo zilipokuja kuchambuliwa, ikaonekana tauni haisambai mpaka mashimo yenye wenyeji yafike kama theluthi moja. Chini ya hapo inazimika yenyewe. Na ikishavuka, ugonjwa haulipuki hapo hapo, unaweza kuchelewa hata miaka miwili. Kwa hiyo mtu anayehesabu mashimo leo anajua cha kuogopa mwaka kesho kutwa. Sisi Lushoto tungeipata hesabu ya namna hiyo miaka ile!

Mwaka 2015 wakatoka watafiti wa Oslo wakasema mawimbi ya tauni ya Ulaya ya zamani yanaendana na hali ya hewa ya Asia ya Kati kuliko ya Ulaya kwenyewe. Magazeti yakaruka na kichwa cha habari kuwa jebili ndiye aliyeua Ulaya na panya wa melini kaonewa. Hawakusema hivyo hasa, lakini ndiyo magazeti.

---

Bwana_Muscat:

Asalaam aleikum. Mimi nina mchango mdogo. Kwanza jina lenyewe lilipita kwa Waarabu: yarbu'u, yule panya wa jangwani mwenye miguu mirefu anayeruka, Wafaransa wakalichukua wakalipunguza, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa.

Pili, mimi ni mgonjwa wa sukari, na daktari wangu hapa alinipa kisa nikacheka nikasahau kudungwa. Kuna jamaa wa hao jebili, panya mnene wa mchangani, yuko Misri na nchi za jirani. Jangwani anakula majani ya mmea wa chumvichumvi, yamejaa maji na hayana nguvu. Miaka ya 1960 mwanasayansi Schmidt-Nielsen aliwapeleka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, achunguze wanavyomudu chumvi. Wakapewa chakula cha kawaida cha panya wa maabara, kile ambacho panya wengine wanakula wakazeeka salama. Hawa wakanenepa, sukari ikapanda, wakapata na mtoto wa jicho. Yaani aliyekuja kutafiti chumvi akaondoka na sukari. Toka hapo wakawa wanyama wa utafiti wa kisukari. Daktari kanitazama, kaitazama na sahani ya halua mezani, hakusema neno.

---

Ummu_Suhayla:

Mnasimulia kwa raha kweli. Mnyama hajakukosea, unamtia minyoo tumboni, unamfunga shingo, halafu unamwua. Hao ni viumbe wa Mungu. MtuWaBweni unalala vipi?

---

MtuWaBweni:

Dada Ummu Suhayla, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Kuna sheria hapa, ya mwaka 1986. Kila mradi una leseni, kila mtu anayemgusa mnyama kwa jaribio ana leseni yake, na daktari wa wanyama anaweza kuingia chumbani kwangu saa yoyote akasema huyu ameteseka vya kutosha, mwisho hapa. Nimeona mradi ukisimamishwa. Lakini najua hukuuliza sheria.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe, kwa kawaida. Ninaletewa orodha ya namba. Jebili wakisikia jambo hupiga miguu ya nyuma chini, tum tum tum, mmoja akianza chumba kizima kinaitikia. Mtu anayeingia na viatu vya kawaida anapigiwa. Mimi sipigiwi, wamenizoea. Ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, wanavyotulia mkononi. Wanapewa dawa ya usingizi kupita kipimo na hawaamki. Mimi husema bismillahi kimoyomoyo, ingawa hawaliwi. Nilimuuliza shehe wetu hapa kama inafaa. Alifikiri sana, halafu akaniuliza kama mjomba alipona. Nikamwambia alipasuliwa mwishowe, akapata miaka ya kuvaa suruali.

Mimi nina mawazo yangu na si lazima yawe ya mwajiri. Wa minyoo sina shaka nao. Nimeona walikotoka na nimeona walikofika, ni Kimang'a. Wa kiharusi sina uhakika huo. Miaka mingi, wanyama wengi sana, dawa zilizomfikia mgonjwa ni kiganja tupu, na baadhi ya makosa yalikuwa ya kipimajoto. Nikiambiwa leo nichague chumba cha kufunga, najua nitafunga kipi. Sijawahi kuambiwa.

Kinyozi uliuliza wametoka wapi. Padri mmoja Mfaransa, Armand David, aliwatuma Paris kutoka kaskazini ya China miaka ya 1860, wakakaa kwenye makabati. Walio hai walianza mwaka 1935, walipotegwa jozi 20 bonde la mto Amur, wakapelekwa Japani. Mwaka 1954 jozi 11 zikavuka kwenda Marekani, kwa mfugaji mmoja jimbo la New York, na katika hao waliozaa ni majike 5 na madume 4. Karibu jebili wote wa maabara za Marekani na Ulaya, na wa madukani pia, wametokana na hao tisa. Kwa hiyo Karanga ni ndugu wa damu na hao wa kwangu. Labda hilo usimwambie mtoto leo.

---

MamaKaranga:

Jamani asanteni, sikutegemea haya. Kaka wa Bweni, nimemsomea binti karibu yote, la Ijumaa nimeliruka. Naye kajua nimeruka, kaniuliza "mbona umegeuza ukurasa?" wakati hii ni simu, haina ukurasa. Nimemwahidi tutalisoma akifika kumi na mbili. Tundu tumelihamishia kwenye korido mbali na mashine na televisheni. Mkia hakuna anayeugusa. Jana Karanga alianza kutikisa masikio, binti akamweka chini akazima taa, na ikaishia hapo.

Mama nilimsomea ya Msambaa neno kwa neno. Alisikiliza mpaka kwenye mswaki na beseni, akanikatiza: "Beseni lilikuwa jeupe?" Nikamwambia ndiyo. "Basi huyo alikuwepo kweli, nawakumbuka." Akakaa kimya tena. Kasema panya wakae, lakini nikipiga simu ya video niigeuzie ukutani.